Mke Wangu Ameacha Kutia Chumvi, na Semina Imenivunjia Heshima

Mpendwa Shangazi Somoe,

Shikamoo, ingawa naamini umri wetu haupishani sana, na naomba msaada wako kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, ila naomba pia usilitaje jina langu gazetini kwa sababu huku Tingi mimi ni mtu ninayejulikana na kuheshimika, watu wananiita Daktari wa Mimea, na jina hilo sikujipa mwenyewe, nilipewa na wakulima kutokana na kazi yangu.

Kazi yangu ni bustani, Shangazi. Nina kitalu cha miche ya michungwa na mipapai, ninapuliza dawa kwenye nyanya, pilipili, mchicha na matikiti ya watu, na msimu wa korosho ukifika nabeba bomba langu mgongoni naingia mikoroshoni, na kazi hii huu ni mwaka wa ishirini na mbili naifanya, nina cheti cha mafunzo ya wiki mbili ambacho nimekitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni, na kinachonitofautisha na wapulizaji wengine wote kuanzia hapa mpaka Kivinje ni kwamba mimi dawa yangu naionja. Nikishakoroga nachovya kidole, naweka kwenye ncha ya ulimi, nafumba macho, halafu natamka: imekolea, au bado. Simezi, natema, mimi si mjinga. Wakulima wanaipenda sana hatua hiyo, wengine wanakuja shambani kuiangalia tu, na kuna jirani yangu mmoja, Mzee Jerome, hakubali bomba liguse nyanya zake mpaka aniulize, "Daktari, umeionja?" na siku hizi hata akichanganya mwenyewe anaonja kwanza, kwa kunifuata mimi.

Sasa matatizo yangu ni mawili, na yote yameletwa na wanawake.

La kwanza ni mke wangu Antonia. Tangu msimu wa korosho wa mwaka jana ulipoisha, mwanamke huyu ameacha kutia chumvi kwenye chakula. Nilianza kwa upole, nikamwambia, mama Sipriani, mbaazi hizi hazina ladha, akasema chumvi imo, kesho yake kisamvu hivyo hivyo, keshokutwa samaki wa nazi utadhani natafuna karatasi, nikaanza kuweka kopo la chumvi mezani na kujimwagia mwenyewe, mpaka Jumapili moja tulipokuwa na wageni wametoka kanisani nikaona isiwe tabu, nikamuuliza mbele yao kama chumvi ameiwekea kufuli, na wale wageni wakaendelea kula kwa adabu, wakaongeza na mchuzi, hakuna aliyeniunga mkono, nikajua wanamwonea haya. Miezi miwili iliyopita uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia arudi kwao Kipatimu kwa mama yake akafundishwe kupika upya, kwa sababu mtu akisahau kazi yake hana budi kufundishwa upya, wala si aibu. Hakulia. Alikunja nguo zake, akabeba na mwiko wake, akaniambia, "Sawa, Baba Sipriani. Mimi nakwenda kufundishwa. Na wewe barua yako ya semina iko pale juu ya kabati, nenda ukafundishwe." Ndivyo anavyojibu, Shangazi, uone mwenyewe.

Basi nikahamia kula kwa dada yangu Brigita, nyumba ya pili kutoka kwangu, dada wa tumbo moja, na hapo ndipo nilipogundua kwamba Antonia alishamharibu kabla ya kuondoka, kwa sababu naye ameacha chumvi! Nimemuuliza kwa nini, akaapa kwa marehemu mama yetu kwamba ametia. Mtu anaapa uongo kwa ajili ya chumvi!

La pili ndiyo hiyo semina. Tuliandikiwa barua wataalamu wote wa bustani wa huku tukahudhurie mafunzo rejea ya siku tano kule Masoko, juu ya afya ya mimea na matumizi salama ya viuatilifu, na tukaambiwa asiyemaliza siku zote tano hapati cheti kipya, na asiye na cheti kipya asipulizie mashamba ya watu. Barua ile niliona kama wamekosea jina, mtu wa miaka ishirini na mbili kazini utamfundisha nini, lakini baadaye nikasema niende nikawasaidie walimu. Shangazi, mwalimu mwenyewe ni Witness! Witness binti wa Optatus, aliyekuwa anakuja kitaluni kwangu na sare ya shule ya msingi kuomba mche wa mpapai, leo kashika rimoti anatuonyesha picha ukutani, na sisi tumekaa kwenye viti vya plastiki na kalamu za bure.

Siku ya kwanza akauliza, ule mstari mwekundu kwenye lebo ya dawa maana yake nini, nikajibu kabla hajamaliza, nikasema hiyo ni dawa ya kiume, ndiyo nzuri kupita zote, kumbe wao wanasema nyekundu ni sumu kali kupita zote. Siku ya pili akaleta mche wa nyanya umenyauka, nikasema upulizwe, yeye akakata kipande cha shina akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, ukaanza kushuka uzi mweupe kama maziwa, akasema huu ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa ya kupuliza, unang'oa mche na eneo hilo unapanda zao la jamii nyingine, na watu wakageuka kunitazama kwa sababu baadhi yao mnyauko huo nimewapulizia misimu mitatu mfululizo. Nikavumilia. Siku ya tatu ikawa ni kupima na kuchanganya, akaweka mezani ndoo, kikombe cha kupimia, glavu, barakoa na jagi lenye kitu cha njano, akauliza nani atatuonyesha anavyofanya akiwa shambani, na hapo, Shangazi, ningewezaje kukaa? Nikainuka, nikachovya kidole, nikaonja, nikafumba macho, nikatamka, "Imekolea. Hii inaua mpaka mayai."

Witness akanitazama kwa huruma, ile huruma ya muuguzi, akasema, "Mzee wangu, hiyo ni juisi ya embe ya unga. Nimeitia sukari mwenyewe asubuhi, tusije tukachezea sumu humu ndani."

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Kuna mmoja wa Kivinje anaitwa Sadick alikuwa anarekodi kwa simu, na video hiyo sasa imefika hata Kipatimu, ninaitwa Daktari Juisi. Mimi nasema ule ulikuwa mtego. Na kama vile haitoshi, mchana huo wali na samaki wa semina nao haukuwa na chumvi hata chembe, nikamwita mpishi nikamweleza, naye akanitolea macho kama nimemtukana, nikaona hapa hakuna heshima, nikachukua begi langu, nikawasha pikipiki, nikarudi Tingi. Tangu siku hiyo mikono inanitetemeka kidogo asubuhi na macho yananitoa machozi, kwa kweli hata kabla ya hapo yalikuwa yanatoa, lakini huo ni umri na hasira.

Witness amenipigia simu, anasema siku mbili nilizokosa zitarudiwa Jumatatu na Jumanne ijayo. Mimi siwezi kurudi kwenye ukumbi ule. Naomba wewe, kwa kuwa unasikilizwa, umpigie umwambie anipe cheti changu, hizo siku mbili nitajisomea nyumbani. Na kuhusu Antonia, nishauri: je, kukataa kutia chumvi kwa mwaka mzima ni sababu ya kutosha kwenda kumweleza padri kwamba ndoa imenishinda?

Wako katika mateso,
Daktari wa Mimea, Tingi.

SHANGAZI SOMOE ANAJIBU

Marahaba, Daktari.

Umeniomba nisitaje jina lako, nami sikulitaja. Ila umeniandikia jina la mkeo, la dada yako, la mwanao na la jirani yako, ukanitajia na kijiji, halafu ukanieleza kwamba kuanzia Tingi mpaka Kivinje ni wewe peke yako unayejulikana kwa kulamba dawa ya nyanya. Basi lala usingizi, siri yako hakuna atakayeigundua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia mlangoni. Mara ya pili nilifika pale unapotaja mikono na macho, tena umevitaja juu juu kama mtu anayetaja hali ya hewa, na kicheko kikaniisha. Kwa hiyo nitakusema kwanza, maana unastahili, halafu nitakuambia la kufanya.

Wewe mwenyewe umeandika, kwa mkono wako, kwamba mtu akisahau kazi yake hana budi kufundishwa upya, wala si aibu. Maneno mazuri sana hayo. Ukayatumia kumtoa mkeo nyumbani na mwiko wake. Ulipofika wewe ukumbini, siku ya tatu ulikuwa juu ya pikipiki. Mwanamke aliyekupikia mpaka Sipriani akakua ndiye wa kwenda kufundishwa, na wewe uliyepulizia bakteria misimu mitatu ndiye wa kwenda kuwasaidia walimu! Kile cheti chako cha kwenye fremu nakiheshimu. Lakini tangu ukitundike, wadudu wamebadilika, magonjwa yamebadilika, dawa zimebadilika majina na ukali, hata Witness ametoka kwenye sare ya shule akawa mwalimu wako. Kilichobaki vilevile ni msumari wa hiyo fremu na wewe.

Sasa tuje kwenye chumvi. Jikoni kwa Antonia hakuna chumvi. Jikoni kwa Brigita, anayeapa kwa marehemu mama yenu, hakuna chumvi. Jikoni kwa mpishi wa semina, ambaye hakujui wala hamjui Antonia, hakuna chumvi. Majiko matatu, Daktari, na ulimi mmoja. Wageni wako wa Jumapili waliongeza mchuzi, ukasema wanaona haya. Mimi sijawahi kuona mtu anayeongeza mchuzi kwa haya. Na juu ya hayo yote ukalamba juisi ya embe yenye sukari, ukafumba macho, ukawaambia wenzako inaua mpaka mayai. Hakukuwa na mtego pale. Yule binti alikuwekea kinywaji cha watoto, na ulimi wako haukukitambua.

Chumvi imo, baba. Mwaka mzima ilikuwemo. Kisichokuwemo ni ulimi. Umeutumia kama kijiti cha kukorogea sumu kwa miaka ishirini na mbili, halafu ulipokufa ukamlaumu mpishi.

Mimi kazi yangu ni mambo ya ndoa, viuatilifu sivijui, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimpigia mtu anayevijua. Unaona ilivyo rahisi? Nilimpigia, nikasema mimi hili silijui, akanieleza, na mpaka sasa hakuna aliyeniita Shangazi Juisi. Kwanza aliniomba nirudie mara mbili habari ya kulamba. Kisha akasema ulimi haupimi ukali wa dawa, haujawahi kuupima, kipimo kimeandikwa kwenye lebo na kikombe cha kupimia kipo kwa kazi hiyo. Akasema kutema hakusaidii kama unavyodhani, maana sumu nyingine hupita kwenye ngozi ya mdomo, ya mikono, hata kwenye shati lililolowa mgongoni chini ya bomba. Nilipomtajia mikono inayotetemeka na macho yanayotoa machozi hakucheka hata kidogo. Akaniuliza, "Huyo mtu ameshakwenda hospitali?"

Na shati hilo lililolowa mgongoni, Daktari, lilikuwa linafuliwa na nani? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe.

Halafu kuna Mzee Jerome. Hapa ndipo uliponiudhi hasa. Wewe ulimi wako ni wako, ukitaka kuuchoma uchome. Lakini umemfundisha mzee wa watu kuchovya kidole kwenye dawa ya mstari mwekundu, ukaniandikia kwa fahari kwamba anakufuata. Anakufuata, ndiyo, na unakokwenda sasa umekuona. Wako wangapi wengine waliokuja kukuangalia shambani wakarudi nyumbani kujaribu?

Unanitaka nimpigie Witness akupe cheti. Simpigii. Kama nikimpigia itakuwa ni kumshukuru, kwa sababu mtu uliyemkimbia, uliyedai amekutega, bado amekutafuta kwa simu kukuambia kiti chako kipo. Angeweza kukuacha na jina la Daktari Juisi mpaka uzeeni. Wewe ulimpa mche wa mpapai akiwa mdogo, naye amekurudishia wema wako, ila umeshindwa kuutambua kama ulivyoshindwa kuitambua juisi.

Padri mwache na shughuli zake. Ukimpelekea habari ya chumvi, atakukaribisha chakula kwanza, na mambo yataharibikia hapo hapo mezani.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla ya kugusa bomba, nenda hospitali. Andika majina ya dawa zote ulizoonja, na kama yamekutoka kichwani yanakili kwenye lebo, ukiwa umevaa glavu. Mwambie daktari, yule wa kweli, kwamba ulikuwa unazilamba. Usiseme zilikurukia. Sema nilikuwa nazilamba. Ladha ya chakula sijui kama itarudi, na mtu yeyote wa mitaani atakayekuambia anajua, mkimbie. Daktari ndiye atakayekupima akuambie. Muulize pia presha, maana mwaka mzima wa kujimwagia kopo la chumvi juu ya chumvi si mchezo. Kopo hilo mpe Brigita leo, na umwombe radhi kwa kumfanya aape.

Jumatatu uwe Masoko. Kaa mbele. Sadick akitoa simu yake, mwache arekodi, na safari hii arekodi ukivaa glavu. Usijibu swali kabla halijaisha. Ukirudi na cheti, nenda kwa Mzee Jerome mchana kweupe, wakulima wakiwepo, changanya dawa kwa kipimo mbele yao, na akikuuliza kama umeionja mwambie hujaionja, hutaionja tena, na yeye aache, na umweleze sababu, usifiche hata chembe. Watakucheka kidogo. Umeshachekwa kwa jambo la kijinga ukapona, utapona na kwa jambo la maana.

Ukimaliza hayo, nenda Kipatimu. Nenda mwenyewe, usimtume Brigita, na usimbebee kanga ukadhani kanga itasema kwa niaba yako. Mama mkwe msalimie kwa heshima, wala usithubutu kumuuliza mafunzo ya binti yake yamefikia wapi. Antonia atakuwa ameshaiona ile video, na yote uliyomfanyia anayakumbuka kwa tarehe. Lakini atapika, kwa sababu umetoka mbali na barabara ile ni mbaya. Ataleta mbaazi za nazi, atakunawisha, atakaa mbele yako, na kabla hujamega tonge atakuuliza swali ambalo mwaka mzima umelijibu kwa kelele: "Chumvi imetosha?"

Usichovye kidole. Usifumbe macho. Mtazame, halafu umwambie, "Sijui, mama Sipriani. Nionjee wewe."